Majibu kwa Wasomaji: Kuku Bila Antibiotiki, Nyama Bila Bakteria Sugu

Barua nne nilizozichagua kwa toleo hili zimetoka mkoani Tanga. Walioziandika hawafahamiani, lakini kila mmoja anauliza juu ya hatua moja ya njia anayopita mnyama kabla ya kufika sahanini. Nimezifupisha bila kugusa maana.

Daktari, shikamoo. Ninafuga kuku wa nyama Pongwe. Tangu nianze nimekuwa nikiwatilia vifaranga antibiotiki ya unga katika maji siku za mwanzo, na tena wanapokaribia wiki ya tatu, hata kama hawaumwi, kwa kuwa ndivyo nilivyoelekezwa na aliyeniuzia. Sasa mnunuzi wangu mkubwa anasema hataki kuku wa dawa. Wenzangu wananishauri kitunguu saumu, mwarobaini, mshubiri na siki. Je, kipo kitu kinachoweza kushika nafasi ya antibiotiki, au nitapukutikiwa na kuku? — Mfugaji, Pongwe

Marahaba, ndugu mfugaji. Kitu kimoja cha kutia majini na kufanya kazi yote ambayo umezoea kuikabidhi antibiotiki hakipo, na anayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo usimwamini. Vipo vitu kadhaa ambavyo kila kimoja hufanya sehemu yake, na vingi kati yake havinunuliwi dukani.

Nianze na sababu ya mnunuzi wako kuwa na haki. Katika utumbo wa kuku mmoja mna mabilioni ya bakteria, na miongoni mwao huwamo wachache ambao dawa fulani haiwadhuru. Unapotia dawa hiyo majini pasipo ugonjwa, unawaondoa wale inayowaua na kuwaachia wachache wale nafasi yote na chakula chote. Isitoshe, jeni za usugu mara nyingi hukaa katika plasmidi, yaani vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria humpa bakteria mwingine, hata asiye wa aina yake. Mwishoni mwa mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kwamba wamekuta jeni ya namna hiyo, iliyopewa jina la mcr-1, katika bakteria wa nguruwe, katika nyama mbichi ya madukani na katika wagonjwa wa hospitalini. Jeni hiyo humkinga bakteria dhidi ya kolistini, dawa ambayo madaktari wa binadamu huiweka akiba kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwaponya, ilhali mashambani ilikuwa ikichanganywa katika chakula cha mifugo ili wakue haraka. China iliacha kuitumia kwa ajili ya kukuza mifugo mwaka 2017.

Sasa tutazame ni maradhi gani hasa unayoyaogopa. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ni ugonjwa wa virusi. Gamboro ni virusi. Ndui ya kuku ni virusi. Kuhara damu husababishwa na vimelea vya koksidia, ambao si bakteria. Nimeshaona mabanda mengi ambamo kuku walikufa kwa kideri huku mfugaji akiongeza kipimo cha antibiotiki kila siku, na dawa ile isingeweza kumwokoa hata kuku mmoja, kwa kuwa antibiotiki haigusi virusi. Ndiyo maana mbadala wa kwanza ninaokutajia ni chanjo, ingawa watu wengi hawaihesabu kuwa mbadala. Chanjo ya kideri inayostahimili joto hutengenezwa nchini, na Wakala ya Maabara ya Veterinari, kule Kibaha, na hupatikana kwa bei ambayo mfugaji mdogo anaimudu. Panga ratiba ya kideri na Gamboro pamoja na daktari wa mifugo wa eneo lako, na ukichanja kwa njia ya maji, usitumie maji ya bomba yenye klorini, kwa kuwa klorini huiua chanjo hai kabla haijamfikia kuku. Changanya alfajiri, kabla jua halijapanda, na siku hiyo usitie dawa nyingine yoyote katika vyombo vya maji.

Kwamba chanjo hupunguza antibiotiki si maneno ya matumaini. Wafugaji wa samaki aina ya salmoni nchini Norway walitumia karibu tani 50 za antibiotiki mwaka 1987. Zilipopatikana chanjo nzuri dhidi ya maradhi ya bakteria ya samaki hao, matumizi yaliporomoka hadi kiasi kidogo sana, ingawa idadi ya samaki iliendelea kuongezeka.

Kwa bakteria wenyewe, hasa Salmonela, kuna jambo linalonivutia kuliko yote. Kifaranga wa kienyeji hutotolewa chini ya mama yake, huchakura naye ardhini, na ndani ya siku chache utumbo wake umeshapata bakteria wa kuku mzima. Kifaranga wa mashine hana mama. Hufika bandani na utumbo ulio karibu mtupu, na bakteria yeyote anayetangulia, awe mwema au mbaya, hujichukulia nafasi. Baada ya Salmonela kusambaa katika mashamba ya kuku ya Finland mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa huko, Nurmi na Rantala, walionyesha mwaka 1973 kwamba vifaranga wakipewa bakteria kutoka utumbo wa kuku wazima wenye afya, Salmonela hushindwa kujikita, kama abiria anayekuta daladala imeshajaa. Kutokana na kazi hiyo zilitengenezwa bidhaa zinazopewa vifaranga siku ya kwanza. Tafadhali usijaribu jambo hili kwa kuchukua kinyesi cha kuku wa jirani, kwa maana utahamisha pia koksidia, minyoo na hata hiyo Salmonela unayoikimbia. Probiotiki za dukani hufuata wazo hilohilo, lakini huwa na aina chache tu za bakteria, na matokeo yake hutofautiana sana kati ya banda na banda. Mtindi, ambao baadhi ya wafugaji wa Tanga hupenda kuutumia kwa kuwa maziwa yapo, hauna ubaya ukiwa kidogo. Ukizidi, kuku huharisha, kwa sababu hawezi kumeng'enya vizuri sukari ya maziwa, na maranda hulowa.

Siki na asidi nyingine za namna hiyo zina msingi wa kisayansi unaoeleweka: asidi hupenya ndani ya bakteria na kumvuruga akiwa hai. Mashamba makubwa hutumia asidi ya fomiki, ya propioniki na ya laktiki, zilizopimwa, katika chakula au maji. Siki ya nyumbani hufanya kazi ya namna hiyo kwa udhaifu zaidi, na faida yake kubwa ninayoiona ni kupunguza utando wa uchafu katika mabomba na vyombo vya maji. Angalia mambo mawili: usiitie katika vyombo vya bati, kwa kuwa huvila, na usiichanganye kamwe na jiki au dawa yoyote yenye klorini, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu itakayokudhuru wewe kabla ya kuku.

Ama kitunguu saumu, mwarobaini na mshubiri, nitasema bila kuwadharau wenzako. Maji ya kitunguu saumu huua bakteria katika sahani ya maabara, na mafuta ya karafuu huwaua zaidi, kwa kuwa yujenoli iliyomo huharibu ngozi yao. Lakini kuku si sahani. Kiasi kinachofika utumbo wa mbele hakijulikani, nguvu ya kitunguu hubadilika kwa namna kilivyopondwa na muda kilivyokaa, na majaribio yaliyofanywa kwa kuku yametoa majibu yanayopingana. Ukipenda kuvitumia, vitumie kama nyongeza ya banda safi, si badala ya chanjo, na kuku akiumwa kweli usimcheleweshee daktari kwa ajili yavyo.

Hilo banda safi lenyewe, ndugu yangu, ndilo lenye uzito kuliko chupa zote nilizozitaja. Wakati wa kaskazi, joto na unyevu wa Tanga hufanya maranda kuoza haraka na hewa ya amonia kuwachoma kuku mapafu, na kuku aliyeungua mapafu hushikwa na kila kinachopita. Punguza idadi kwa kila mita ya mraba, geuza maranda, ondoa yaliyolowa, acha banda tupu lililosafishwa wiki mbili kati ya kundi na kundi, na usiwaruhusu wanunuzi waingie na viatu walivyovaa katika mabanda mengine. Usitarajie kwamba mabadiliko yatakuwa mepesi. Denmark ilipoachana na antibiotiki za kukuzia mifugo mwishoni mwa miaka ya 1990, wafugaji wa kuku wa nyama hawakupata hasara kubwa, lakini watoto wa nguruwe waliotoka kuachishwa kunyonya waliharisha kwa wingi, na dawa za kutibia zikapanda kwa muda. Anza na kundi moja, andika vifo na uzito kila wiki, ulinganishe. Na akiugua kuku kwa ugonjwa wa bakteria uliothibitishwa, mtibu. Asiyetaka kuku wa dawa hana maana ya kutaka kuku wanaoteseka.

Daktari, mimi ni mwenye bucha karibu na Soko la Mgandini. Nimesikia kwamba Marekani wananyunyizia nyama virusi vinavyokula bakteria. Je, ni kweli, na vinaweza kutudhuru? Na mimi ninaweza kunyunyiza kitu gani ili nyama yangu isiwe na bakteria hao sugu? — Mchinjaji, Ngamiani

Ni kweli, bwana. Virusi hivyo huitwa bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Viligunduliwa na Mwingereza Frederick Twort mwaka 1915, na Félix d'Hérelle akavigundua tena mwaka 1917 mjini Paris, akavipa jina hilo. Miaka miwili baadaye alikuwa akivijaribu kwa kuku wa vijijini Ufaransa waliokuwa wakifa kwa homa ya matumbo ya kuku. Mjini Tbilisi, nchini Georgia, ipo taasisi iliyoanzishwa mwaka 1923 ambayo haijaacha kuvitumia kutibu binadamu, hata katika miongo ambayo Ulaya Magharibi ilivisahau kwa sababu penisilini ilikuwa imepatikana. Mwaka 2006 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mchanganyiko wa faji unyunyiziwe nyama iliyokwisha kupikwa na kufungwa tayari kwa kuliwa, dhidi ya bakteria aitwaye Listeria, ambaye ana tabia mbaya ya kuendelea kuongezeka hata ndani ya friji.

Faji hushika bakteria peke yake. Haiwezi kuingia katika chembe ya mwili wa binadamu, na kwa hakika unazimeza kwa wingi kila siku, kwa kuwa zimejaa katika maji, udongo na utumbo wako mwenyewe. Uzuri wake kwa jambo letu ni kwamba haijali kama bakteria ni sugu kwa antibiotiki. Humwingia kwa mlango mwingine kabisa. Udhaifu wake ni kwamba huchagua mno: faji ya Listeria haimgusi Salmonela, na mara nyingi hata ndani ya Salmonela huwapata wa aina fulani na kuwaacha wengine. Bakteria pia hujifunza kuizuia faji, ndiyo maana watengenezaji huchanganya kadhaa pamoja. Tena juu ya nyama kavu faji haitembei. Isipomwangukia bakteria, haimpati. Kwa maoni yangu ni silaha nzuri kwa kiwanda chenye maabara inayojua ni bakteria gani inapambana naye, na ni fedha ya kupoteza kwa bucha lisilo na maabara.

Jamaa wa karibu zaidi na uwezo wetu ni asidi ya laktiki, ileile inayofanya maziwa yagande. Umoja wa Ulaya uliruhusu mwaka 2013 mizoga ya ng'ombe isafishwe kwa maji yenye asidi hiyo kati ya asilimia 2 na 5, lakini mzoga uwe umeshachinjwa kwa usafi, hauna kinyesi kinachoonekana. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Asidi iliyomwagwa juu ya kinyesi huishia kwenye kinyesi. Ipo pia nisini, protini ndogo inayotengenezwa na bakteria wa maziwa, ambayo imetumika katika jibini kwa miongo mingi. Huwaweza Listeria na wenzake, lakini Salmonela na E. koli wana utando wa nje unaowakinga nayo. Mionzi nayo iliruhusiwa Marekani kwa kuku mwaka 1990 na kwa nyama nyekundu mwaka 1997. Haiifanyi nyama kuwa na mionzi, ila mitambo yake ni ya gharama kubwa.

Wewe usinyunyize kitu. Sisemi hivyo kwa kukudharau, bali kwa sababu dawa isiyopimwa juu ya nyama huficha harufu ya kuoza na kumdanganya mteja, na wapo wanaoitumia kwa shabaha hiyo hasa. Nguvu zako zielekeze machinjioni, kwa kuwa bakteria sugu hawazaliwi katika mnofu. Mnofu wa mnyama mzima kwa kawaida hauna bakteria, na wanaoonekana juu yake wametoka kwenye ngozi, kwato na utumbo. Dai kwamba utumbo ufungwe ncha zote mbili kabla ya kutolewa, ngozi isiguse nyama wakati wa kuchuna, kisu cha ngozi kisiwe kisu cha mnofu. Wanaokuletea kuku waambie wawanyime chakula kwa saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, huku maji yakiwepo, ili utumbo usipasuke ukiwa umejaa, na wabadilishe maji ya moto ya kunyonyolea mara kwa mara. Maji yaliyokwisha kupita kuku 50 humgawia wa 51 kila walichokuja nacho wenzake. Utumbo na firigisi zisikae meza moja na mnofu. Na gogo lile la kukatia, ambalo kila bucha la Tanga linalo na ambalo nyufa zake hazisafishiki, litafutie ubao wa plastiki mgumu unaoweza kusuguliwa kila jioni.

Shikamoo Daktari. Nina kibanda cha chakula Chumbageni. Je, bakteria sugu hustahimili moto? Mishikaki yangu huilaza usiku katika ndimu, tangawizi na papai bichi. Je, inatosha kuwaua? Na je, kuku nimwoshe au nisimwoshe, maana watu wanabishana? — Mama lishe

Marahaba, mwanangu. Usugu wao ni wa dawa, si wa moto. Salmonela aliyeshinda antibiotiki tano hufa katika joto lilelile linalomuua Salmonela wa kawaida: nyama ikifika nyuzi 70 katikati, si juu tu, kazi imekwisha. Hatari ya mishikaki ni kwamba nje huungua mapema na ndani pakabaki pabichi, hasa vipande vikiwa vinene. Kata vidogo, vilingane, na usirudishe iliyoiva katika beseni ulimoilowekea. Kinachobaki baada ya moto ni sumu ambayo baadhi ya bakteria, kama vile wanaotoka katika majipu na vidonda vya mikononi, huwa wameshaimwaga katika nyama iliyokaa kwenye joto, na sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha. Kwa hiyo anayepika akiwa na kidonda akifunge, na chakula kilichoiva kisilale mezani.

Ndimu hupunguza bakteria walio juu, haiwamalizi, na papai bichi hulainisha nyama tu. Ilaze katika friji, si juu ya meza. Kugandisha nako huwasimamisha bila kuwaua, na wakiyeyuka huendelea walipoachia.

Kuhusu kuosha, wataalamu wa Ulaya husema usimwoshe, kwa sababu maji ya bomba hurusha matone yenye bakteria hadi kwenye kachumbari. Wao hununua kuku aliyekwisha kusafishwa kiwandani. Wewe unapokea kuku mwenye damu na manyoya ya sokoni, na sioni namna ya kukuambia usimguse kwa maji. Mwoshe ndani ya beseni lenye maji, si chini ya bomba linalotiririka, mbali na chakula kinacholiwa kibichi. Kisha mwaga maji taratibu, osha beseni, kisu, ubao na mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine. Watu wengi huambukizwa na kachumbari iliyokatwa kwa kisu cha kuku, si na kuku mwenyewe.

Daktari, ng'ombe wetu hapa Muheza alichomwa sindano ya OTC (oksitetrasaiklini, aina ya antibiotiki) siku nne zilizopita na hali yake si nzuri. Wazee wanataka achinjwe kabla hajafa ili nyama isipotee. Tukiichemsha sana, je, kuna tatizo? — Kijana wa Muheza

Lipo. Hapa tatizo ni jingine: si bakteria, bali dawa yenyewe iliyobaki katika nyama, hasa pale alipochomwa, na katika ini na figo. Kuchemsha huipunguza OTC kwa sehemu tu. Soma kibandiko cha chupa sehemu ya muda wa kusubiri. Kwa zile zinazofanya kazi muda mrefu mwilini mara nyingi huandikwa wiki tatu hadi tano, na huhesabiwa tangu sindano ya mwisho. Zaidi ya hayo, ng'ombe anayechinjwa kwa kuwa anakufa anaweza kuwa na ugonjwa unaowapata binadamu, kimeta kikiwa cha kwanza cha kuogopwa. Akifa ghafla na damu ikimtoka puani au nyuma bila kuganda, msimpasue, msimchune. Waeleze wazee hivyo kwa heshima, kisha umwite daktari wa mifugo wa wilaya amtazame ng'ombe leo, kabla kisu hakijatolewa.